Bawa Lililobebeshwa Unga wa Msiba

Asubuhi hii ya Jumamosi, ndani ya hanga moja pembezoni mwa uwanja mdogo wa ndege wa Selebi-Phikwe, Botswana, akina mama wa chama cha mazishi wamejipanga mstari wanapokezana mifuko ya unga wa mtama. Wa mwisho katika mstari anamkabidhi fundi mwenye glavu, na fundi anaulaza mfuko taratibu juu ya bawa la ndege.

Bawa limegeuzwa, tumbo juu na mgongo chini, na upande mmoja limefungwa kwa boliti kwenye fremu nzito ya chuma. Ndege ikiwa angani, hewa hulisukuma bawa kwenda juu. Hapa chini, njia rahisi ya kuuiga msukumo huo ni kuligeuza bawa na kulitwisha mzigo. Ncha yake ilianza asubuhi ikiwa usawa wa kifua cha mtu mzima, na sasa imeshuka hadi kiunoni.

"Polepole, mama zangu. Msiutupe, ulazeni," anasema mwanamke mwembamba mwenye ovaroli ya bluu na penseli iliyochomekwa kwenye nywele.

Huyu ni Kelebonye Serumola, umri miaka thelathini na minne, mhandisi wa vyombo vya anga. Bawa ni lake. Amelichora yeye, amelipigia hesabu yeye, na leo ameleta watu kuja kuona kama hesabu zake ni za kweli.

Likiubeba mzigo uliowekwa kisheria kwa sekunde tatu bila kuvunjika, ndege ya viti sita iitwayo Kgori itapata ruhusa ya kuruka kwa majaribio. Likivunjika, mwenye karakana, Rra Modukanele (Rra ni bwana, au baba, kwa Kitswana), ameshatamka mbele ya wafanyakazi wote kwamba atafunga milango, maana hana uwezo wa kutengeneza bawa la tatu la kujaribia. Mji huu ulishafungiwa milango mara moja, mgodi wa shaba ulipokufa. Hauna hamu ya kufungiwa tena.

"Mimi ninachotaka ni unga wetu urudi salama," anasema mwenyekiti wa chama, mama mnene mwenye blanketi la mirabaraba lililobanwa kwa pini begani. "Mtu akifariki wiki hii tutawaambia nini wafiwa? Kwamba unga umepanda ndege?"

Wenzake wanacheka. Mhandisi anacheka pia, ila kidogo, kwa sababu mwenyekiti huyo ni mama yake mzazi na hatanii hata chembe.

Huku Phikwe ukimuuliza mtu Kelebonye alianzia wapi mambo ya ndege, atakujibu kwamba alianzia chini ya ardhi. Baba yake, Rra Serumola, alikuwa mkaguzi wa kamba za lifti pale mgodini, zile kamba za chuma nene kama mkono wa mtoto zilizowashusha wachimbaji na kuwapandisha. Kila baada ya miezi kadhaa kipande cha kamba kilikatwa mwishoni na kuvutwa kwa mashine mpaka kikatike, ili ijulikane kamba iliyobaki ina nguvu kiasi gani.

Vipande hivyo alivileta nyumbani. Watoto wa mtaa walivichezea, wakavifanya nyoka na mikia ya farasi. Kelebonye, akiwa darasa la nne, alikuja na swali: kwa nini watu wazima wanaikata kamba nzima, isiyo na kosa?

"Nikamwambia, bila kuikata unabahatisha," anasimulia mzee huyo, aliyeketi juu ya kreti la soda karibu na mlango wa hanga. "Na mimi kila siku nilikuwa nashusha watoto wa watu. Nikibahatisha, nitawaangaliaje mama zao kanisani?"

Kulikuwa na desturi nyingine, na hiyo haikuandikwa popote. Kamba mpya ikifungwa, mkaguzi aliyeitia sahihi ndiye aliyeshuka nayo kwanza, kabla ya zamu kuingia. Wachimbaji walisimama pembeni na makopo yao ya chai wakimtazama.

"Walikuwa wanakutazama miguuni," anasema Rra Serumola. "Ukitetemeka, siku hiyo hashuki mtu."

Shuleni Kelebonye alikuwa mkali wa hesabu na fizikia, na mwalimu wa ushauri akamwelekeza kwenye uhasibu, kazi safi isiyo na grisi. Yeye akajaza uhandisi wa anga kwenye fomu. Serikali ikamlipia masomo Johannesburg, ambako mwaka wa kwanza mwenzake wa chumba alimuuliza kama Botswana kuna ndege nyingine zaidi ya zile za kubeba watalii. Anasema alikasirika wiki nzima, halafu akagundua kwamba hana jibu, na hapo akakasirika zaidi.

Alihitimu na kupata kazi huko huko, katika kampuni iliyotengeneza vipuri vya mabawa. Alikuwa huko baba yake alipompigia simu kumwambia wamezima feni za mgodi. Aliyekulia Phikwe anajua uzito wa maneno hayo. Feni zile zilinguruma usiku na mchana tangu kabla hatujazaliwa, na siku ziliponyamaza watu wengi hawakupata usingizi.

Miaka michache baadaye Rra Modukanele, rubani mstaafu aliyewahi kurusha watalii kule Okavango, alikodi hanga tupu hapa na kutangaza kwamba anataka kuunda ndege. Ndege yenyewe iwe ya kutua kwenye njia ya vumbi, ibebe mgonjwa wa kulala na nesi wake, na iweze kutengenezwa na fundi wa kawaida. Mafundi aliwapata bila shida, mji mzima ulikuwa na wanaume wenye mikono iliyozoea chuma na wasio na kazi. Alichokosa ni mhandisi.

Kelebonye alirudi. Analipwa pula elfu kumi na nne kwa mwezi, chini ya nusu ya alichokuwa akipata Johannesburg. Mama yake alilia, na hayakuwa machozi ya furaha. "Majirani walisema mtoto wangu amefukuzwa kazi," anakumbuka. "Nani anarudi Phikwe kwa hiari yake?"

Ndege ikaitwa Kgori, jina la yule ndege mkubwa wa nyikani ambaye kutwa hutembea kwa miguu na kuruka pale tu anapolazimika. Ni mafundi waliolichagua, kwa dhihaka, kwa sababu miaka ilipita na ndege yao haikuwa imeacha ardhi. Jina likakaa.

Jaribio la kwanza la bawa lilikuwa mwaka juzi, na lilitumia magunia ya mchanga wa mto Motloutse. Yalipimwa, yakapangwa uani tayari kwa kesho yake. Mchana ule mvua ikanyesha.

Kwa msomaji wa mahali penye mvua nyingi hilo si jambo. Hapa ulikuwa mwaka wa tatu wa ukame, ng'ombe wanakufa malishoni, na wingu lilipopasuka hanga zima lilitoka nje. Watu waliimba, walisimama na midomo wazi juu, walipiga kelele za "Pula!", yaani mvua, mpaka sauti zikakauka. Rra Modukanele alicheza na viatu mkononi. Hakuna aliyeyakumbuka magunia, na hata angeyakumbuka, nani angethubutu kukikinga kitu na mvua siku kama ile? Mvua huku ni baraka, inaachwa iguse kila kilichopo.

Asubuhi wakapakia mchanga ule juu ya bawa kwa uzito ulioandikwa jana yake. Kabla mzigo haujatimia, bawa likavunjika. Mlio wake ulisikika mpaka barabarani, na magunia yakapasuka, mchanga ukaenea sakafu nzima.

Ndipo mtu akaokota konzi moja, akaukamua, maji yakatoka.

Furaha ikarudi ghafla. Mchanga ulikuwa mzito kuliko ulivyoandikwa. Basi bawa lilikuwa limebeba zaidi ya walivyodhani, pengine lilishapita hata kiwango cha sheria. Rra Modukanele alimsihi mhandisi wake aandike hivyo katika ripoti. Kila mtu alikubali kuwa mchanga ulilowa, hata mkaguzi wa usafiri wa anga aliuona.

Kelebonye alikataa. Magunia ya chini yalilowa na ya juu yalikauka kwa jua la asubuhi, na sasa yote yalikuwa yamemwagika na kuchanganyika. Hakuna aliyeweza kusema bawa lilibeba nini.

"Alinifokea, ana haki, ni hela yake," anasema. "Nikamuuliza swali moja tu. Rra, ukiruka nalo wewe, na mkeo amekaa nyuma, utapanda? Akairudisha kalamu yake mfukoni. Nikamwambia basi tutengeneze lingine."

Rra Modukanele hakanushi. Anasema Kelebonye ndiye mtu aliyemtia hasara kubwa kuliko wote maishani, kisha anaongeza kwamba asingemwajiri mwingine.

Kwa zaidi ya mwaka wafanyakazi walipokea nusu mshahara. Wengine waliondoka. Waliobaki, baadhi walimwamkia mhandisi wao kwa shingo upande, na mmoja hakumwamkia kabisa. Huyo ni Moatlhodi, mchimbaji wa zamani na mkuu wa mafundi wa kubandika tabaka za faibaglasi. Alihamishia sahani yake ya bogobe, ugali wa mtama, nje ya hanga, akawa anakula peke yake chini ya tangi la maji.

"Nilikuwa na binti chuoni," anasema Moatlhodi bila kuomba radhi. "Yeye anasema hajui, mimi nasema umeona kwa macho mchanga una maji. Nikaona msichana huyu anaringa na shahada yake."

Kilichomrudisha mezani ni bawa lenyewe lililovunjika. Kelebonye alilipasua lote, kipande kwa kipande, na karibu na shina lake akakuta ufa umeanzia kwenye tundu dogo la kupitishia waya. Tundu lilikaa karibu mno na mhimili mkuu, ile boriti ya ndani inayobeba uzito wote. Kazi ya mafundi haikuwa na dosari. Aliyechora tundu pale ni mhandisi.

Angeweza kulinyamazia, maana hakuna mwingine aliyejua pa kutazama. Aliwaita wote, akaweka kidole penye ufa, akawaambia kosa ni lake. Halafu akawaambia kwamba ile ripoti ingeandikwa walivyotaka, tundu hilo lingepanda angani pamoja na abiria.

Siku hiyo Moatlhodi alikwenda chini ya tangi, akachukua sahani yake na kurudi nayo ndani.

Safari hii Kelebonye hakutaka kuuona mchanga. Alitaka mzigo uliofungwa vizuri, wa mifuko inayolingana, usionyonya maji na usiomwagika ovyo, na autumie bure. Akaukumbuka ukumbi wa kanisa ambako chama cha mama yake huhifadhi unga wa misiba ya mwaka mzima, mifuko ya kilo kumi na mbili na nusu iliyopangwa mpaka darini.

Mafundi hawakuipenda habari hiyo. Unga wa msiba juu ya bawa la ndege, wakaona ni kujitabiria. Wazee wawili walisema wazi kwamba hawatagusa. Mama mwenyekiti ndiye aliyekuja kuwanyamazisha. Aliwauliza huo unga wanadhani unaliwa na maiti? Unaliwa na walio hai, wenye njaa ya kulia usiku kucha, na wao wenyewe wameula mara ngapi na kuomba nyongeza.

Sharti lake lilikuwa moja: kila mfuko urudi mzima.

Kelebonye alipima kila mfuko kwenye mizani na kuuandika uzito wake kwa kalamu nyekundu. Kadhaa ilipungua. Akina mama waliposikia hivyo walisahau habari za ndege kabisa, na nasikia mwenye kinu amekuwa akipita njia ya nyuma tangu wiki iliyopita.

Sasa mzigo umefika kile wanachokiita mzigo kamili, yaani uzito mkubwa kuliko wote ambao Kgori itawahi kukutana nao katika uhai wake. Bawa linapaswa kubeba huo na nusu yake tena. Ncha imeshuka usawa wa goti. Mkaguzi wa usafiri wa anga, kijana mwenye fulana ya kung'aa, amesimama na saa yake mkononi.

Mfuko mwingine unalazwa. Kunasikika mlio, mkavu, kama kuni inayopasuka motoni.

Mstari wa akina mama unarudi nyuma wote kwa pamoja. Rra Modukanele anashika kichwa. Moatlhodi anabaki alivyo, amekumbatia mfuko kifuani, anamtazama mhandisi.

Kelebonye anachukua tochi, analala chali sakafuni na kujiingiza chini ya bawa. Mama yake anaita jina lake mara moja, kwa sauti ya chini. Juu ya kifua cha mtoto wake kuna unga wa kulisha misiba ya nusu mwaka.

Anakaa humo muda mrefu. Mwanga wa tochi unatembea kutoka shina la bawa kwenda nchani, unarudi, unasimama mahali pamoja, na vidole vyake vinaonekana vikigusagusa pale. Kisha anajivuta nje na kukung'uta mgongo.

"Ni rangi," anasema. "Tone la gundi lililokauka juu yake limepasuka. Mhimili ni mzima. Tuendelee."

Moatlhodi ndiye anayesogea kwanza. Analaza mfuko wake, anarudi kwa mwingine, na mstari wa akina mama unajipanga upya nyuma yake. Hakuna anayetania tena. Mfuko wa mwisho unaotakiwa na sheria unapotua, ncha ya bawa imekaribia kifundo cha mguu, na limepinda kiasi kwamba mtu asiyelijua angeapa limekwisha.

Mkaguzi anainua mkono. Kelebonye anahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu.

Anaendelea. Nne, tano.

"Mma, sheria inasema tatu," Moatlhodi anamnong'oneza.

"Najua."

Anafika kumi ndipo ananyamaza. Bawa lipo. Mkaguzi anaweka saa mfukoni, anasogea na kumpa mkono, na akina mama wanapiga vigelegele vinavyogonga bati na kurudi. Moatlhodi amekaa sakafuni, ameficha uso kwenye glavu zake. Rra Modukanele anakumbatia kila aliye karibu, hata mwandishi wa makala haya, na mwandishi hana aibu kusema kwamba alilia. Tumezika mengi katika mji huu. Leo tumeona kitu chetu kikikataa kuvunjika.

Mtu mmoja tu hajamaliza. Kelebonye ameinama kwenye rundo la mifuko iliyobaki.

"Tuongeze hii," anasema. "Nataka kujua linavunjikia wapi."

Rra Modukanele anaomba iwe basi, limefaulu, liachwe. Kelebonye anamkumbusha kwamba bawa lililopitia haya haliruhusiwi kuruka, yale ya kuruka yatatengenezwa mapya kwa michoro hii hii. Anamtazama mama yake, mwenye unga. Mama anamtazama mumewe kwenye kreti. Rra Serumola anainua mabega tu, kama mtu anayesema swali hili analijua tangu mtoto akiwa darasa la nne.

"Haya," anasema mama. "Lakini ukipasuka mfuko, utazoa wewe."

Wakaongeza. Wakaongeza tena. Mifuko ikaisha. Chama chote cha mazishi kilikuwa juu ya bawa lile, misiba ya mwaka mzima, na bawa likakaa. Waliposhusha mzigo, lilinyanyuka taratibu mpaka usawa wa kifua, palepale lilipoanzia.

Mhandisi alionekana kama mtu aliyenyimwa kitu. Ukimuuliza kwa nini hafurahi, anakwambia anafurahi sana, ila bado hajui mwisho wake. Kisha anatabasamu, kwa moyo wote, na uso wake wote unabadilika.

Mipango ni hii. Mabawa mawili ya kuruka yaanze Jumatatu. Upepo wa Agosti ukipita, Kgori itaondoka ardhini kwa mara ya kwanza, na kisheria siku hiyo rubani atakuwa peke yake. Atakayepanda wa pili, Kelebonye amekwisha kumwambia Rra Modukanele, ni aliyetia sahihi michoro. Hilo halijadiliwi. Baadaye anataka kuwafundisha wasichana wa sekondari ya hapa kazi hii, katika hanga hili, ili akija kuulizwa tena lile swali la Johannesburg awe na watu wa kumjibia.

Rra Serumola amesimama kutoka kwenye kreti. Anakwenda polepole mpaka kwenye bawa, anapitisha kiganja juu yake kutoka shina kwenda nchani, kama alivyozoea kuikagua kamba. Anafika mwisho na kumgeukia binti yake.

"Wa tatu nani?"

"Bado hatujapanga, baba."

"Wa tatu ni mimi. Nimelishuka lile shimo maisha yangu yote. Nataka kuliona kwa juu."

Mkewe yuko mlangoni, anahesabu mifuko ikipakiwa kwenye trela kurudi kanisani. Hageuki.

"Nenda tu, Rra Kelebonye," anasema. "Unga upo, na mfuko haujapasuka hata mmoja."